Dos Equis: Keroro ya Meksiko Yenye Mizizi Ulaya

Unaijua Pilsner, ile ya simba? Basi pilsner ilikuwa mtindo wa bia kabla iwe jina la chupa. Mtindo huo ulizaliwa 1842 mjini Plzeň, kwenye nchi tunayoiita Cheki leo. Na ndio uko ndani ya Dos Equis Lager Especial ya Meksiko.

Jina Dos Equis lilianza na Mjerumani, Wilhelm Hasse, 1897. Zile X mbili ni 20 kwa Kirumi. Jamaa alikuwa anakaribisha karne ya 20.

Ukitaka kuionja vizuri, iwe baridi na uimimine kwa glasi. Rangi ni dhahabu, unaona hadi upande wa pili. Harufu ni ya nafaka na utamu kidogo kama wa mahindi. Mdomoni ni nyepesi, gesi inachangamsha ulimi, uchungu ni kiasi. Usitafute makali. Kazi yake ni kukata pilipili na mafuta, so na nyama choma inaingiana poa.

Chunga mambo mawili. Kwanza, chupa ni ya kijani na mwanga unapenya, unaharibu bia mpaka ukifungua unapigwa na harufu mbaya. Iliyokaa juani, achana nayo. Pili, wepesi usikudanganye. Ina kilevi asilimia 4.2, sawa tu na Tusker. Ukipiga tatu, umepiga tatu. Funguo za gari pea msee ambaye hajaonja.