Ligi ya Mataifa ya Mpira wa Wavu: ni kitu gani, na kwa nini Afrika hatumo

Kila ikifika katikati ya mwaka VNL inaanza, na swali la vijana wa Tarime na Mugumu ni lilelile: Malkia Strikers wa Kenya wanacheza lini? Jibu fupi, hawachezi. Tangu ligi ianze 2018 mpaka msimu wa 2025 hakuna timu hata moja ya Afrika iliyoingia, si ya wanaume si ya wanawake. Misri hawamo, Cameroon hawamo. Sisi Bongo ndo kabisaa.

Kwa wasioijua: VNL ni Volleyball Nations League, ligi ya timu za taifa inayoendeshwa na FIVB, lile shirikisho la wavu la dunia. Kabla yake wanaume walikuwa na World League kuanzia 1990 na wanawake World Grand Prix kuanzia 1993. Zote mbili ziliishia 2017. VNL ilianza na timu 16, mwaka 2025 zikawa 18. Kila timu inacheza mechi 12 ndani ya wiki tatu, halafu timu nane zinakwenda fainali. Italia wanawake walichukua 2024 na 2025, Poland wanaume walichukua 2025.

Sasa shika hapo kwenye mechi 12, ndo penye utamu wote. Tangu 2020 orodha ya ubora ya FIVB inahesabiwa mechi kwa mechi. Ukishinda unaongeza pointi, na zile ulizoongeza zinatoka kwa uliyemfunga. Ukimfunga mkubwa unapata nyingi, ukimfunga mdogo unapata kiduchu. Tena mashindano hayana uzito sawa, na mechi za VNL zina uzito mkubwa. Kwa hiyo aliye ndani ana mechi 12 nzito kila mwaka hata kama hakuna Olimpiki wala Kombe la Dunia. Wewe uliye nje unasubiri kualikwa.

Zamani mlango ulikuwepo. Grand Prix ya miaka ya mwisho ilikuwa na madaraja matatu. Mwaka 2015 Kenya walichukua daraja la tatu kule Canberra, Australia, kwa kuwafunga Peru kwenye fainali, na 2016 wakacheza daraja la pili. Yaani ngazi unaiona, unapanda. VNL ilipokuja ngazi ikaondolewa, ikawekwa Challenger Cup, ambayo bingwa wake ndiye anapanda. Kenya walikwenda ya 2023 kule Laval, Ufaransa: timu nane, ukifungwa mechi ya kwanza umeshatoka kwenye mbio. Hawakuvuka robo fainali, na nafasi wakaichukua wenyeji Ufaransa. Challenger Cup ya mwisho ilikuwa 2024. Siku hizi wa mwisho kwenye VNL anashuka na anapanda aliye juu zaidi kwenye orodha ya ubora kati ya walio nje. Ili uingie unatakiwa pointi, na pointi nyingi ziko humo ndani. Ni kama kuambiwa ulete maji kwanza ndo upewe ndoo.

Wazungu walio nje ya ligi kubwa hawakai bure. Ulaya wana European League yao tangu 2004, kwa ajili ya mataifa ambayo hayamo kwenye ligi ya dunia, na siku hizi ina madaraja mawili, Golden na Silver. Jamhuri ya Czech ni moja ya timu zilizokulia humo. Wanawake wao walibeba Challenger Cup ya 2024 Manila, na 2025 wakawa ndani ya VNL.

Sisi tuna Kanda ya Tano: Kenya, Uganda, Rwanda, Ethiopia, Tanzania na wengineo. Mara nyingi tunakutana pale tu panapokuwa na mchujo wa mashindano fulani, tukimaliza kila mtu kwao. Ukikosa mechi za mara kwa mara unatafuta njia ya mkato. Mwaka 2021 Kigali, kwenye ubingwa wa Afrika wa wanawake, wenyeji Rwanda walitolewa kwa kuchezesha wachezaji wanne wenye asili ya Brazil. Cameroon wakawa mabingwa.

Mtu atasema mbona Kenya wametoka kanda hiihii na wamecheza Olimpiki 2000, 2004, Tokyo na Paris? Wametoka kwa sababu ya ajira. Kenya Prisons, Kenya Pipeline, KCB: binti akimaliza shule anaajiriwa na taasisi huku akicheza, na timu ya taifa inaokotwa humo. Huku kwetu majeshi nayo yana timu, lakini nafasi ni chache na ziko mbali. Binti wa Tarime anaanza UMITASHUMTA, anakwenda UMISSETA, akipata matokeo ya Form Four ndo basi, wavu umeisha. Wa Isebania, hatua chache toka Sirari, Mkurya mwenzake kabisa, ana pa kwenda.

Mimi naona ligi ya nyumbani na ugenini ya hizi nchi jirani ingewezekana kuliko watu wanavyofikiri. Kikosi cha wavu ni wachezaji 14. Weka na makocha, wote wanaenea kwenye Coaster moja na mizigo juu. Timu ya soka hiyo huwezi. Uwanja wenyewe ni mita 18 kwa 9, na wavu wa wanawake ni mita 2.24 tu kwenda juu.

Pamebaki mlango mmoja ulio wazi kidogo, Kombe la Dunia. Mwaka 2025 liliongezwa likawa la timu 32, na sasa linafanyika kila baada ya miaka miwili. Afrika ilipeleka timu tatu za wanawake kule Thailand: Kenya, Misri na Cameroon. Kenya walimfunga Vietnam. Linalofuata ni 2027, na tiketi za Afrika zinapatikana kwenye ubingwa wa Afrika.