Tingatinga: Rangi za baiskeli zilizoupamba mji

Kila Septemba 10, Bukoba hukumbuka alasiri ile ya mwaka 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipoitikisa Kagera, likaua watu wasiopungua 17 na kuziacha shule za Ihungo na Nyakato hazikaliki. Ihungo imejengwa upya na familia nyingi zimeezeka tena. Lakini mitaani bado kuta nyingi ni za saruji tupu, nasi tumeridhika kwamba zimesimama. Ndiyo maana mwaka huu tunamkumbuka mtu aliyewahi kuupa mji mwingine uso mpya kwa kopo la rangi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha Dar es Salaam, ambako alitumikia katika nyumba ya Mzungu na kuhangaika na vibarua. Mwaka 1968 akaanza kuchora.

Turubai hakuwa nayo, wala fedha za kununulia rangi za wasanii. Alichukua hadibodi, ile inayopigiliwa darini, akaikata mraba wa kama futi mbili, akanunua rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, akauacha ukauke. Kisha akamweka chui au ndege katikati, akamjaza madoa, moja baada ya jingine, hadi mnyama akang'aa. Picha hizo ziliuzwa Morogoro Stores, Oysterbay, na mkewe Agatha akishika biashara. Wageni walizigombea.

Alijifunzia wapi? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na haujaisha. Wapo wanaosema aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikiuzwa jijini, akajiambia kuwa hata yeye anaweza. Wengine hawakubali. Watafiti waliofika kijiji cha Ngapa, Tunduru, walisimuliwa na wazee kuwa Tingatinga aliwahi kupamba kuta za nyumba huko kabla hajaona jiji, kwa desturi ya Wamakua ya kuchora kwenye udongo. Wanaoshika hoja ya Kongo hujibu kuwa kumbukumbu ya wazee si ushahidi, kwa sababu kuta za udongo zilikwishabomoka. Mimi nawaamini wazee wa Ngapa. Picha za Kongo huenda zilimwonyesha kuwa soko lipo, lakini mkono unaojua kujaza ukuta haufunzwi sokoni. Na hata wanaoshika hoja ya Kongo hawakatai kwamba kazi hiyo ilizaliwa kwa maskini, kwa vifaa vya maskini.

Hakuishi kuona matunda yake. Mwaka 1972, polisi wa Dar es Salaam walimpiga risasi wakimdhania mhalifu anayekimbia. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Wanafunzi wake, akiwamo January Linda, Ajaba Abdallah na Adeusi Mandu, waliendeleza kazi, wakaungana kwanza kama wabia, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Mwanafunzi wake mwingine, Simon Mpata, alivuka hadi Nairobi, na leo hoteli ya Mpata Safari Club, Maasai Mara, ina jina lake. Leo picha za Tingatinga zinauzwa hadi Ulaya na Japani.

Sisi wa Kagera hatuna udhuru. Miamba ya Bwanjai, Missenyi, ina michoro ya rangi nyekundu iliyoachwa na watu wa kale. Kwa hiyo kupamba ukuta si jambo geni hapa. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia vijana: huu hapa ukuta, chora. Tunaiomba Manispaa ya Bukoba, shule na wenye maduka watenge angalau ukuta mmoja kila mtaa, na wawalipe wachoraji wetu kwa kazi yao. Tingatinga alianza na hadibodi moja. Sisi tuna mji mzima.