Mkono Uchorao na Jina Lisomwalo

Mtu afikaye soko la Ishiara, katika nyanda za joto za Mbeere, upande wa Embu unaopakana na nchi ya Meru, huona mengi ya kumpendeza: pojo na mtama juu ya magunia, mbuzi waliofungwa kamba, na vyondo vilivyosukwa kwa ustadi. Mnunuzi hukitwaa kiondo, hukigeuzageuza, huuvuta ukanda wake apate kujua nguvu zake, kisha hupatana bei akaenda zake. Ikiwa mwuzaji ni mchuuzi tu, basi jina la mama aliyekisuka kwa siku nyingi halitajulikana. Kazi yake itasifiwa, lakini mwenyewe hatatajwa.

Jambo hili halikuwapata wasukaji wa vyondo peke yao. Tutaliona vile vile katika historia ya kitu ambacho wengi hukidhani kuwa ni mchezo wa watoto tu, yaani katuni za magazetini na sinema za kuchekesha zilizozaliwa kutokana nazo.

Katuni ya gazetini haihitaji kuelezwa sana kwa msomaji wa Kenya. Wasomaji wa Taifa Leo waliijua kwa miaka mingi katuni ya Juha Kalulu, iliyochorwa na Edward Gitau. Visanduku vichache vya picha, maneno machache, na mwishoni kicheko: huo ndio mtindo wake. Mtindo huo ulishika mizizi katika magazeti ya Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na huko ndiko wachoraji walikojaribu mapema kuwatoa watu wa katuni katika karatasi na kuwatembeza katika sinema.

Miongoni mwa wachoraji wa nchi hiyo alikuwamo kijana aliyeitwa Harry Conway Fisher, maarufu kwa jina la Bud Fisher. Tarehe 15 Novemba 1907, katika ukurasa wa michezo wa gazeti la San Francisco Chronicle, alimtokeza bwana mmoja mrefu, mwembamba, mpenda kamari ya mbio za farasi. Jina lake lilikuwa Mutt. Mwaka uliofuata Mutt alipata rafiki mfupi, Jeff, ambaye alikutana naye katika hospitali ya wenye wazimu. Mrefu na mfupi wakawa hawaachani, na watu wakawapenda mno.

Fisher alikuwa kijana mwerevu. Mwezi wa Desemba 1907, alipokuwa karibu kuhamia gazeti jingine, aliandika juu ya picha zake kwamba haki ya kuzinakili ni yake yeye, H. C. Fisher. Siku zile gazeti ndilo lililozoea kujihesabu mwenye mali, na mchoraji alikuwa kibarua wake. Gazeti alilolihama lilipompa mtu mwingine kazi ya kumchora Mutt, Fisher alisimama juu ya haki yake. Baadaye, mwaka 1915, alipotaka kuwaacha waajiri wake wa pili, mgogoro mkubwa zaidi ulizuka, ukafika mahakamani. Mwaka 1921 mahakama kuu ya rufani ya jimbo la New York iliamua kwamba Mutt na Jeff ni wa Fisher. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wachoraji wote. Mkono uliochora ulikuwa umepata jina lake.

Lakini historia haikuishia hapo. Ili tuielewe sehemu ya pili, hatuna budi kwanza kujua jinsi picha inavyotembezwa. Sinema za kimya za zamani zilionyeshwa kwa mwendo wa picha kama 16 kwa kila nukta moja ya saa. Kwa hiyo dakika moja ilihitaji picha 960. Hata kama kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, dakika moja ilidai michoro 480, kila mmoja ukitofautiana kidogo tu na wenzake: mguu umeinuka, jicho limefumba, kofia imeanguka. Mwaka 1911 Winsor McCay, aliyekuwa akichora katuni ya Little Nemo gazetini, alitoa sinema fupi ya watu wake hao. Alichora kwa mkono wake michoro ipatayo 4,000. Yeye aliweza kusema bila haya: kazi hii ni yangu.

Sinema za Mutt na Jeff zilikuwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Tangu mwaka 1916 hata 1926 zilitengenezwa zipatazo 300. Zilianza katika karakana ya New York iliyoongozwa na Raoul Barré, mzaliwa wa Montreal nchini Kanada, pamoja na Charles Bowers. Barré ndiye aliyeeneza mbinu ya kutoboa matundu katika karatasi na kuzitia katika vijiti vilivyosimama mezani, ili kila mchoro ukae mahali pale pale palipokaa uliotangulia, picha zisirukeruke. Ni jambo dogo kulitazama, lakini wachoraji wa sinema waliendelea kulitegemea kwa miaka mingi. Chini yao wachoraji wengine waliinama mezani mchana kutwa.

Je, watazamaji waliona jina la nani? Waliona la Bud Fisher. Yeye ndiye aliyetangazwa kuwa mwenye sinema hizo, ingawa michoro ilitoka mikononi mwa watu wengine. Barré aliiacha kazi hiyo kwa uchungu. Bowers alikuja kutengeneza sinema zake mwenyewe, kisha akasahauliwa. Katika miaka ya 1960 wahifadhi wa sinema wa Toulouse, Ufaransa, walizipata baadhi ya sinema zake zikiwa na jina la Bricolo, wasimjue mtu huyo ni nani mpaka walipochunguza.

Hata gazetini mambo yalikuwa yale yale. Tangu mwaka 1932 aliyekuwa akichora katuni ya Mutt na Jeff ni Al Smith, lakini sahihi iliyowekwa chini yake ilikuwa ya Fisher. Fisher alikufa mwaka 1954. Ndipo Smith, baada ya miaka 22, alipoanza kutia sahihi yake mwenyewe.

Labda mtu atasema: watu hao walilipwa mshahara wao, wanadai nini tena? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Mshahara ni malipo ya siku ile, na ukishaliwa umekwisha. Jina ni ushahidi unaobaki. Bila jina, mchoraji akienda kuomba kazi kwingine hana la kuonyesha; na mwanafunzi atakaye kujifunza kwa bingwa hajui amtafute nani. Tena lililo baya zaidi ni kwamba Fisher aliujua uchungu huo. Aliyepigania haki yake mbele ya waamuzi hakuwapa wenziwe kile alichokidai kwa nguvu.

Katika Kenya sheria ya haki za waandishi na wasanii ilitungwa mwaka 1966, na nyingine ikafuata mwaka 2001. Hii ya pili inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi, hata kama amekwisha kuuza haki ya kuichapa. Lakini sheria haiwezi kukaa katika kila darasa na kila soko. Mwanafunzi anakilipo mchoro wa mwenzake, au watano wafanyapo kazi na mmoja akasimama kuisoma kana kwamba ni yake, hakuna mwamuzi aliye karibu ila dhamiri.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Basi siku nyingine ukishika kiondo kizuri sokoni Ishiara, au ukicheka mbele ya picha zitembeazo, uliza swali moja la haki: ni nani aliyeifanya kazi hii? Huenda mwuzaji asijue. Lakini akiulizwa mara nyingi, atajitahidi kujua.