Unyago
Unyago ni mafunzo ya jadi kwa wasichana waliovunja ungo, yanayofuatwa na Waswahili wa pwani na makabila kama Wayao, Wamakonde na Wazaramo. Mwali huwekwa chini ya kungwi au somo, akafundwa usafi wa hedhi, adabu, unyumba na kukata kiuno. Nyimbo, mafumbo na ngoma hutaja waziwazi yale ambayo hadharani ni matusi. Wanaume hawaruhusiwi kuhudhuria. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa kungwi mashuhuri aliyeifikisha ngoma ya unyago jukwaani. Wakosoaji hudai unyago huchochea ndoa za utotoni. Mijini, sehemu ya mafunzo hayo imehamia kwenye kicheni pati za mabibi harusi.