Bolti ya Kitovukando

Chukua kizibo cha soda, ukitoboe kwa msumari, lakini si katikati: karibu na ukingo. Msumari ukaze humo. Kilaze kizibo kati ya vijiti viwili vilivyopigiliwa ubaoni, kisha zungusha. Vijiti havisogei, kwa hiyo msumari wenyewe ndio unaohama, mara kushoto, mara kulia. Ukishaona hivyo, umeielewa ile inayoitwa gerejini "bolti ya alaimenti".

Jina hilo linataja kazi ya bolti, yaani kupanga mkao wa magurudumu, halitaji inavyoifanya. Kiingereza huiita kwa neno lililoazimwa kutoka Kigiriki, lenye maana ya "nje ya kitovu", ambalo wanafalaki wa zama za Ptolemaio walilitumia kwa duara ambalo dunia haikai katikati yake. Kuna wanaosema "bolti ya kamu", ila fundi akisikia kamu mawazo yake hukimbilia kwenye injini, kunakofunguliwa valvu. Kitovu cha duara tunacho tangu darasani. Basi napendekeza *kitovukando*: kitovu kilichokaa kando.

Tuitazame kwenye Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989. Kila mkono wa chini wa saspensheni umeshikwa na bolti mbili za namna hii, na gari zima lina 8. Kwenye kichwa cha bolti kuna kisahani chenye alama za vipimo. Upande wa nati kuna kingine, kilichobanwa na ubapa wa bolti ili vizunguke pamoja. Kuta ndogo za fremu ndizo vile vijiti vyetu. Kitovu kikiwa kando kwa milimita 4, mkono unaweza kuhama milimita 8 kutoka mwisho hadi mwisho. Ndivyo gurudumu linavyolazwa juu kuingia ndani, kwa nyuzi 2 au 3 kwenye gari la mashindano, ili kwenye kona tairi la nje likanyage kwa upana wake wote.

Shida ni kutu. Bolti hugandana na bomba la chuma lililo ndani ya bushi ya mpira; ukiizungusha, mpira unajipinda tu na mkono hauendi popote. Mara nyingi dawa ni msumeno: kuikata pande zote mbili za bushi na kuweka mpya, iliyopakwa grisi shingoni. Nati isikazwe mwisho gari likiwa bado juu ya jeki. Lishushe likae kwa miguu yake kwanza, la sivyo mpira utabaki umejipinda kila siku na kuchanika mapema.

Kwenye mbio jina linakuwa onyo. Kitovu kilichokaa kando kinashikiliwa na mkazo wa nati peke yake, na matairi yanayong'ang'ania lami au ukingo wa barabara uliopandwa kwa kasi vinaweza kukizungusha. Wengine huondoa visahani na kufunga mabamba yenye tundu lisilohama, ambayo ningeyaita *mabamba komeo*. Wanaobaki na visahani huchora mstari wa rangi kutoka kwenye kisahani hadi kwenye fremu. Baada ya mizunguko kadhaa dereva huinama na kuchungulia: mstari ukiwa umekatika, kitovu kimehama.