Vyama vya Afya Shuleni na Kazi ya Uganga Ufipa

Ndugu zangu tuliosoma hapa, na ninyi vijana mnaoendelea kusoma, wenyeji husimulia kwamba jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Jina hilo latukumbusha kwamba Ufipa jambo la afya limekuwa pia jambo la elimu: mgonjwa apelekwe kwa nani, na nani ana maarifa ya kumsaidia? Nia yangu ni kuonyesha kwamba maarifa hayo hayaenei kwa kuletewa mtu mmoja hodari. Huenea pale vijana wanapojikusanya na kufundishana.

Mfano wa kwanza tunao jirani. Adrien Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akauzwa utumwani angali mtoto, kisha akakombolewa na Mapadri Weupe huko Sahara. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa amefungua chuo kisiwani Malta mwaka 1881 ili vijana wa Kiafrika wasomee uganga pamoja na ukatekista. Atiman alisoma huko, akafika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889. Aliwatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Dr. Atiman mjini Sumbawanga hubeba jina lake.

Lakini chuo cha Malta kilifungwa mwaka 1896, na Atiman akaendelea na kazi wakati njia iliyomleta imekwisha kuzibwa. Mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, hawezi kuwa mahali pa shule.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo nchini mwetu walikuwa 12 tu. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Chama cha Msalaba Mwekundu, na mwaka 1963 chuo cha uganga kilianzishwa Dar es Salaam, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Muhimbili. Wanafunzi wa uganga nao wana chama chao, TAMSA, kilicho mwanachama wa shirikisho la kimataifa lililoundwa mwaka 1951. Katika sekondari, kazi kama hiyo imefanywa na vikundi vya vijana wa Msalaba Mwekundu na Skauti.

Miaka ya tisini nami nilikuwa katika chama chetu hapa shuleni. Tulifunga banzi kwa vipande vya khanga kuukuu, tukabebana kwa machela ya magunia, tukajifunza kuchanganya maji ya mgonjwa wa kuharisha: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Mlezi wetu aliilinda sukari ile kuliko bendeji, maana wapo waliojiunga kwa ajili yake!

Mimi niliishia katika ofisi ya Serikali, wala sioni kwamba muda ule ulipotea. Chama kilitupa nafasi ya kujipima mapema. Aliyezimia kwa kuona damu alijijua kabla ya kuchagua mchepuo. Wengine, waliodhani uuguzi ni kazi ya akina mama peke yao, waliona kwamba kumgeuza mgonjwa kitandani kwahitaji nguvu, subira na akili. Tulifahamu pia kwamba hospitali haisimami kwa daktari pekee. Wamo matabibu, wauguzi, wafamasia na mafundi wa maabara.

Jambo hili si la kujifurahisha. Mtu akianguka kijijini, au mama akishikwa na uchungu huko bondeni Rukwa, hospitali iko mbali, na maisha yake yamo mikononi mwa yule aliye karibu. Hata damu inayotunzwa hospitalini, sehemu kubwa hutolewa na wanafunzi.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Wenzangu mlio katika kazi za afya, mje shuleni angalau mara moja kila muhula, mkae na wanachama, mjibu maswali yao. Nanyi wanafunzi, msingoje mgeni. Wekeni daftari la chama, na Kidato cha Nne wasiondoke kabla ya kuwafundisha Kidato cha Kwanza kufunga jeraha.