Lori na Askari Wawili

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Leo nataka tuzungumze juu ya asili, na nitaanza na ya kwetu.

Hapa Uyole, penye njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, watoto wenzetu walituita machotara. Nyumbani tuliambiwa kwamba baba yake bibi alikuwa mlowezi wa Kijerumani mwenye shamba la kahawa Mbozi, aliyekuwako tangu enzi za Mjerumani, kisha akamtoroka mwanawe. Bibi mwenyewe alisimulia kwa maneno machache: "Nilikuwa na miaka 12. Alipanda lori na askari wawili. Hakugeuka nyuma." Sisi tukashika yale ya mwisho, tukamchukia mtu huyo.

Tulipokwisha kumzika bibi ndipo nikaanza kuuliza. Daftari la ubatizo lilionyesha kuwa alizaliwa mwaka 1927, mwaka ambao mji wa Mbeya ulianzishwa, wakati wachimba dhahabu wakimiminika Lupa. Mwaka huo ulinifumbua macho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliwafukuza walowezi wa Kijerumani na kuyauza mashamba yao. Hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika hadi mwaka 1925. Basi mzee yule ama alirudi upya, ama alikuwa mgeni kabisa. Ile "tangu enzi za Mjerumani" tuliiongeza wenyewe.

Kubwa zaidi ni lile lori. Jumlisha miaka 12 juu ya 1927, utapata 1939. Septemba mwaka huo vita vya pili vilipoanza, serikali ya Kiingereza iliwakamata Wajerumani wengi wa Tanganyika na kuwaweka kizuizini. Mashamba yao yakashikwa kama mali ya adui. Ndugu zangu, anayetoroka hasindikizwi na askari wawili.

Simtetei. Vita viliisha mwaka 1945, na barua haikuja. Lakini bibi aliingia kaburini akiamini kwamba aliachwa kwa hiari, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza: askari wale walifuata nini?

Tena liko kosa jingine, nalo ni langu. Kwa kumsaka Mzungu huyo nimejaza madaftari mawili. Mama yake bibi, Msafwa wa hapa hapa Uyole, ndiye aliyemlea mtoto peke yake, na shamba tunalolima hadi leo ni la ukoo wake. Kwake yeye nina jina la ubatizo tu, basi.

Majalada ya wakoloni yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nayo yatatungoja. Wazee hawangoji. Jumapili hii chukua kalamu, keti na bibi yako, mwulize habari za pande zote mbili. Na akitamka neno dogo, usilipite.

Tukutane wiki ijayo.